Mkojo unaovuja miezi 14 baada ya kutolewa tezi dume: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa ni mwalimu mstaafu wa miaka 67, mkazi wa Tanga, aliyetolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Si mtu mmoja aliye hai. Kisa kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kliniki, na vipimo vimepangwa ili tatizo lionekane linavyofumuliwa hatua kwa hatua.

Saratani yenyewe imetulia: PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, iko chini ya 0.1. Kinachomtesa ni mkojo. Anatumia pedi 5 hadi 6 kwa siku, yaani kama 170 kwa mwezi, na bado kitanda kinalowa usiku. Ameacha kwenda msikitini kwa sala ya jamaa, na barazani kwenye kahawa haonekani tena. Ana presha na kisukari. Mara mbili ameambiwa kwamba misuli imelegea, afanye mazoezi na asubiri. Kwa mwanamume aliye katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji ushauri huo ni sahihi, kwa sababu wengi hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja. Kwa huyu haukutosha, maana hakuna aliyepima mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Kipimo hicho ndicho kilichogeuza matibabu yote.

Nini huharibika

Mwanamume ana misuli miwili ya kuzuia mkojo. Wa ndani uko kwenye shingo ya kibofu, juu ya tezi dume, na hujiendesha wenyewe. Wa nje uko chini ya tezi, na huu mtu anaweza kuubana kwa hiari yake. Daktari anapotoa tezi yote, msuli wa ndani kwa kawaida huondoka nayo au hupoteza kazi, kisha kibofu hushonwa moja kwa moja kwenye mrija wa kutolea mkojo. Kuanzia hapo msuli wa nje unabeba mzigo wa miwili, na huenda nao umejeruhiwa, au mishipa ya fahamu inayouendesha imejeruhiwa. Katika upasuaji wa tezi iliyokua bila saratani, ambapo hutolewa nyama ya katikati tu, uvujaji wa kudumu wa aina hii hutokea kwa wachache zaidi.

Hata hivyo msuli dhaifu ni sababu moja tu. Kibofu chenyewe kinaweza kuwa na hamaki, kikajikaza kabla ya wakati, mtu akashikwa ghafla na kulowa kabla hajafika chooni. Tena pale kibofu kilipounganishwa na mrija kovu linaweza kukaza na kuacha tundu jembamba. Mkojo hautoki wote, kibofu kinajaa muda wote, na kinachozidi kinafurika. Nguo inalowa vilevile kwa aina zote tatu, ila matibabu yake yanapingana. Dawa ya kutuliza kibofu ikipewa mtu mwenye njia iliyoziba inaweza kumfungia mkojo kabisa.

Dalili zilizokuwa wazi tangu mwanzo

Alipoulizwa kwa utulivu, bila mke na watoto kuwapo, mwalimu alieleza mambo manne. Analowa akikohoa, akiinuka kwenye kiti na akiinuka kutoka sijida: hiyo ni sura ya msuli dhaifu. Lakini pia analowa akiwa amelala. Mwenye msuli dhaifu peke yake mara nyingi hukauka akilala, kwa sababu uzito na mikazo ya tumbo vinapungua, kwa hiyo kulowa usiku kunataka maelezo mengine. La tatu, mkojo unatoka kwa uzi mwembamba na lazima asukume. La nne, nguvu ya mkojo ilikuwa nzuri miezi 3 ya kwanza, kisha ikafifia polepole. Kovu hufanya hivyo hasa.

Kulikuwa na mambo mengine aliyoyataja kwa shida. Alikuwa akifunga uume kwa mpira wa kufungia mifuko kila anapokwenda mazishini. Hili ni la hatari kubwa: mpira hukata mzunguko wa damu, na nyama inaweza kufa kabla mtu hajahisi maumivu, zaidi kwa mwenye kisukari ambaye hisia zake zimepungua. Alikuwa akiosha sehemu za siri kwa dawa ya kuua vijidudu na kupaka poda, na mapajani alikuwa na vidonda vyekundu.

Vipimo, na jinsi ya kuvifanya nyumbani

Daftari la mkojo huandikwa siku 3 mfululizo. Kinahitajika kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, na daftari lenye saa, kiasi kilichonywewa, kiasi kilichokojolewa na kama nguo ililowa. Daftari la mwalimu lilionyesha anakunywa mililita 1,700 kwa siku, ila 1,100 kati ya hizo baada ya magharibi. Mchana alijinyima kwa hofu ya kuaibika, usiku akafidia kwa chai na maji. Alikojoa mara 10 kwa siku, mililita 110 kwa wastani, mara 3 kati ya hizo usiku.

Kupima pedi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pima pedi moja kavu. Kwa saa 24 weka kila pedi iliyotumika ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri ili isikauke. Mwishoni pima mfuko wote kwenye mizani ya kidijitali, toa uzito wa mfuko na uzito wa pedi kavu mara idadi ya pedi zilizotumika. Gramu 1 ni sawa na mililita 1 hivi. Idadi ya pedi haitoshi, maana mmoja hubadilisha akihisi unyevu na mwingine husubiri mpaka ivuje. Kwa mwalimu zilipatikana gramu 420. Wataalamu wengi huhesabu chini ya 200 kuwa uvujaji mdogo, na zaidi ya 400 kuwa mkubwa.

Kliniki, alikojoa kadiri alivyoweza, kisha altrasaundi ikaonyesha mililita 310 zimebaki. Katika umri huo tungetarajia chini ya 100. Kipimo cha mkojo kilikuwa na dalili za maambukizi na sukari nyingi. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, ilikuwa asilimia 9.4. Figo zilikuwa salama.

Sukari ya damu ikipita takribani 10 mmol/l, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo na maji huifuata. Kwa hiyo sehemu ya tatizo ilikuwa wingi wa mkojo unaotengenezwa, na hakuna mazoezi ya nyonga yanayoweza kupunguza hilo.

Dawa alizokuwa akimeza

Alikuwa bado anakunywa tamsulosini, aliyoanzishiwa kabla ya upasuaji ili kulegeza njia ya mkojo. Tezi imeshatolewa, na dawa inayolegeza njia haimsaidii mtu anayevuja. Ilisimamishwa. Dawa ya presha ya kupunguza maji mwilini alikuwa akiimeza jioni, ikahamishiwa asubuhi. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, ilimvimbisha miguu. Maji yanayokaa miguuni mchana hurudi kwenye damu mtu akilala, na figo huyatoa usiku. Aliambiwa alasiri alale ameinua miguu juu ya mto kwa muda wa saa moja au mbili, ili maji hayo yatoke kabla ya usiku.

Na kulikuwa na oksibutinini, iliyonunuliwa duka la dawa kwa kueleza tu kwamba "kibofu hakishiki". Dawa hii hulegeza msuli wa kibofu. Kwa mwenye mililita 310 zinazobaki, ilikuwa inaongeza kile kile kilichokuwa kinafurika, na kwa wazee pia hufunga choo na kuchafua kumbukumbu. Ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Hakuna dawa ya mkojo inayofaa kuuzwa kabla ya kujua kiasi kinachobaki.

Kufungua kovu, na kwa nini uvujaji uliongezeka

Kwanza mkojo uliotesha vijidudu maabara ili vijulikane, maambukizi yakatibiwa kwa dawa iliyoonekana kufaa. Kisha kamera ilipitishwa njia ya mkojo, na kwenye maungio ya kibofu na mrija ilikutwa pete ya kovu. Ilikatwa na kupanuliwa, mpira wa mkojo ukakaa siku chache.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, kwa sababu hawakuandaliwa. Kovu lilikuwa limeziba, na kwa kuziba lilikuwa limeshikilia mkojo. Likiisha kufunguliwa, udhaifu wa msuli wa nje unaonekana wote. Mkojo uliobaki ulishuka hadi mililita 40, usiku akaanza kuamka mkavu, anakojoa mililita 250 kwa mkupuo. Lakini pedi za mchana zilipanda hadi gramu 520. Aliyeambiwa mapema huelewa kwamba njia iliyoziba imefunguka, na sasa limebaki tatizo la msuli. Asiyeambiwa hudhani ameharibiwa mara ya pili.

Kovu hili hupenda kurudi. Nguvu ya mkojo na kiasi kinachobaki vilipimwa tena baada ya miezi 3 na miezi 6. Dalili ya kurudi ni ile ile: uzi mwembamba, kusukuma, na kulowa usiku tena.

Mazoezi, safari hii kwa usahihi

Mwalimu alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima. Alipoombwa aonyeshe, alibana makalio, akashika pumzi na kukaza tumbo. Kukaza tumbo kunasukuma kibofu kuelekea chini, kwa hiyo zoezi lake lilikuwa linafungulia mkojo.

Maelekezo yanayoeleweka kwa mwanamume ni haya: vuta uume uingie ndani kana kwamba unataka kuufupisha, na wakati huo huo inua korodani. Simama uchi mbele ya kioo. Ukifanya sawasawa, shina la uume linarudi ndani kidogo na korodani zinapanda, huku tumbo, mapaja na makalio yakiwa yametulia. Pumua kama kawaida, na ukitaka hakika hesabu kwa sauti, maana mwenye kushika pumzi hawezi kuhesabu.

Alianza akiwa amelala chali, magoti yamekunjwa. Bana sekunde 5, legeza sekunde 10, mara 10. Kisha mibano 10 ya haraka ya sekunde moja moja. Mizunguko 3 kwa siku, naye aliifunga na Alfajiri, Adhuhuri na Isha ili asisahau. Kila wiki mbili aliongeza sekunde mpaka kufika 10, akahama kutoka kulala hadi kukaa na hatimaye kusimama. Kulegeza kikamilifu kati ya mibano ni nusu ya zoezi. Msuli usiopumzika huchoka ukashindwa kubana. Asijaribu kukata mkojo katikati kila akienda chooni, kwani hilo hukifundisha kibofu kutomaliza.

La muhimu kuliko idadi ni kubana kabla ya tukio: kabla ya kukohoa, kupiga chafya, kunyanyua ndoo, kuinuka kutoka sijida. Bana kwanza, inuka, ndipo ulegeze. Mtu wa miaka 67 anaweza kujizoeza hili mpaka likawa desturi ya mwili, na mara nyingi ndilo linaloleta tofauti ya kwanza inayoonekana. Msuli huu pia huchoka kadiri siku inavyokwenda, ndiyo maana wengi huvuja zaidi kuanzia alasiri. Mapumziko ya kulala ya alasiri, yale yale ya kuinua miguu, yalimsaidia na hapo pia.

Maji yaligawanywa upya: lita 1.5 hadi 2 kwa siku, nyingi kabla ya saa 12 jioni. Akijinyima maji, mkojo mzito huwasha kibofu na kunuka zaidi, na choo kigumu kinachofuata husukuma kibofu. Kahawa chungu haikukatazwa kabisa, kwani kumkataza mzee wa pwani kahawa ni kumtoa barazani. Alipewa vikombe viwili vidogo vya asubuhi, akaombwa aandike daftarini kama vinamletea haraka ya kukojoa. Mwezi wa Ramadhani hesabu hii hupinduka, maji yote huja usiku, na kwa mwenye kisukari kufunga kwenyewe kunataka kuongea na daktari kwanza.

Pedi, ngozi na kufua

Mwanamume huvuja mbele, na pampasi nyingi za wakubwa zina unene katikati na nyuma. Pedi lazima ikae mbele, uume ukielekea chini ndani yake, na ishikwe na chupi ya kubana. Pedi nzuri ndani ya kaptura pana huvuja pembeni, lawama ikaenda kwa pedi. Za kushona nyumbani zinafaa kabisa kwa wanaoshindwa gharama: taulo la pamba lililokunjwa tabaka 4, upana sentimita 12 na urefu 28, na kipande cha plastiki laini kwa nje tu, kisiguse ngozi. Zisuuzwe kwa maji baridi mara tu zinapovuliwa, zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani. Dawa ya kulainisha nguo isitumike, inafanya kitambaa kikatae maji. Katika nyumba nyingi mzigo huu wa kufua humwangukia mke kimya kimya. Mwalimu alifundishwa kusuuza mwenyewe, na tunaona hilo lilirudisha amani ya nyumbani kuliko dawa yoyote.

Dawa ya kuua vijidudu iliachwa. Maji kila anapobadilisha, sabuni laini mara mbili kwa siku, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha tabaka jembamba la mafuta yenye zinki. Yakipakwa mengi huziba pedi isinyonye. Wekundu wa kwenye mikunjo wenye vidoadoa pembeni na muwasho ulikuwa fangasi, ukapakwa klotrimazoli asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki 3.

Kwa safari ndefu alipewa mpira wa nje unaovaliwa kama kondomu, uliounganishwa na mfuko wa mguuni. Unaofaa hupatikana kwa kupima unene wa uume, si kwa kukisia: mkubwa hutoka, mdogo hukata damu. Nywele zipunguzwe kwa mkasi, ngozi iwe kavu isiyo na mafuta, ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kichwa cha uume, kisha ushikwe taratibu kwa kiganja sekunde 15 gundi ishike. Ubadilishwe kila saa 24. Usizungushiwe plasta. Mfuko umwagwe ukifika theluthi mbili, maana uzito ndio unaovuta mpira ukatoka.

Kibano cha uume alikitumia kwa sala ya Ijumaa na mazishini, badala ya ule mpira wa mifuko. Kabla ya kukiruhusu, hisia za ngozi zilipimwa kwa sababu ya kisukari, na ikahakikishwa kwamba kibofu chake hakina hamaki. Kinafunguliwa kila baada ya saa 2, hakilaliwi nacho, na ngozi ikibadilika rangi kinavuliwa hapo hapo.

Swala

Alikuwa ameacha jamaa akiamini hana twahara. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mwenye mkojo usiokatika ana hukumu yake. Wakati wa sala ukishaingia anajisafisha, anavaa pedi safi na kuikaza, anatawadha, na anaswali bila kuchelewa, isipokuwa kuchelewa kwa maslahi ya sala yenyewe kama kusubiri jamaa. Kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Udhu mmoja ni kwa faradhi moja, na sunna atakazo. Undani ni wa sheikh wake, lakini mhudumu wa afya anayejua kwamba njia ipo anaweza kumwambia mgonjwa akaulize, badala ya kumwacha ajitenge.

Hali baada ya miezi 6, na kinachobaki

Pedi zilishuka kutoka gramu 520 hadi 340 katika wiki 12, kisha 290 kufikia mwezi wa 6, zikakwama hapo. Usiku ni mkavu. HbA1c ni 7.6. Amerudi barazani na pedi moja ya akiba. Sasa ndiyo wakati halali wa kuzungumzia upasuaji: zaidi ya mwaka umepita, kovu halijarudi, mazoezi yamefanywa vizuri na hayaongezi tena.

Njia ni mbili hasa. Ya kwanza ni utepe unaopitishwa chini ya mrija kuuinua na kuutegemeza. Huu unafaa zaidi uvujaji mdogo hadi wa kati kwa mtu ambaye hakupigwa mionzi. Ya pili ni kizuizi bandia cha mkojo, kilichowekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 Marekani na Brantley Scott. Kina sehemu tatu zilizojaa maji: mkanda unaobana mrija, puto ndani ya tumbo, na pampu ndogo ndani ya mfuko wa korodani. Mtu akitaka kukojoa hubonyeza pampu, maji yanatoka kwenye mkanda kwenda kwenye puto, njia inafunguka, na baada ya dakika chache mkanda hujijaza na kubana tena wenyewe. Vidole lazima viwe na nguvu ya kubonyeza na akili iwe timamu. Baada ya kuwekwa hukaa wiki 6 hivi bila kuwashwa ili jeraha lipone. Kifaa hakidumu milele, wengi huhitaji marekebisho au kubadilishiwa ndani ya takribani miaka 10. Bei yake ni ya maelfu ya dola, kwa hiyo swali la bima liulizwe kwa maandishi kabla ya kupanga safari. Nchini Tanzania mlango wa kuanzia ni kliniki za mfumo wa mkojo kwenye hospitali za rufaa kama Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza).

Kabla ya uamuzi kamera itapitishwa tena kuhakikisha maungio yako wazi, na sukari ishushwe zaidi, kwa kuwa maambukizi ya kifaa humaanisha kukitoa chote.

Akichagua kizuizi bandia, atembee na kadi ya Kiswahili isemayo kwamba anacho, na familia ijue. Siku akipelekwa hospitali amezimia, wa kwanza kumpokea atataka kumwekea mpira wa mkojo. Mpira ukisukumwa wakati mkanda umebana, mrija unaweza kuchanika na kifaa kikapotea. Mkanda unatakiwa kwanza uondolewe maji kwa pampu, kisha kitufe kidogo kilichoko kwenye pampu kibonyezwe ili ubaki wazi, na utumike mpira mwembamba kwa muda mfupi iwezekanavyo.